Kujifundisha hesabu mwenyewe kwa vitabu visivyoelewana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mi nilirudi kwenye hesabu nikiwa mtu mzima. Kidato cha nne niliifanya upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, mchana nipo dukani nauza spea za pikipiki, usiku nipo mezani na vitabu vinne ambavyo hakuna hata kimoja kilichokubaliana na mwenzake. Kimoja cha shemeji yangu cha miaka ya themanini, kimoja kipya cha TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), kimoja PDF ya Kimarekani kwenye simu, na kimoja cha Kirusi kilichotafsiriwa Kiingereza ambacho nilikiokota kwa wauza vitabu vya mtumba kwa buku mbili. Tangu nitoboe ule mtihani watu wananiuliza maswali yaleyale kila wiki, ndo haya hapa, nimeyaweka kama yanavyokuja, msitegemee mpangilio wa silabasi.

Nimefanya swali mara tano, jibu la nyuma ya kitabu linakataa. Tatizo ni mimi?

Inawezekana ni wewe, ila kabla hujajilaumu angalia kwanza kama hayo majibu yanatofautiana kweli au ni sura tu. We umepata 1/√2, kitabu kinasema √2/2, ukibonyeza zote mbili kwenye kalkuleta ni 0.7071 na mkia wake. We umepata (3−x)/(x−2), kitabu kinasema −(x−3)/(x−2), kitu kilekile. Wale waliofika adivansi wanakutana na kali zaidi: intigro ya sin x cos x, mmoja anapata sin²x/2, mwingine −cos²x/2, kitabu kinasema −cos 2x/4, na wote watatu wako sawa kwa sababu wanapishana kwa namba isiyobadilika tu ambayo inamezwa na ile C ya mwisho.

Dawa yake ni kupachika namba. Chukua jibu lako, chukua la kitabu, weka x moja kwenye yote mawili uone. Ila usiweke 0 wala 1 wala 2, hizo namba zina tabia ya kudanganya, mfano x² na 2x ukiweka 0 zinalingana, ukiweka 2 zinalingana tena, unalala usingizi mnono kumbe umepotea. Weka namba ya ajabuajabu, mi napenda 3.7. Zikilingana kwa 3.7 na kwa nyingine moja ya hovyohovyo, karibu kila mara uko salama, funga daftari nenda swali linalofuata. (Kwa intigro usilinganishe majibu yenyewe, pachika namba mbili uangalie kama tofauti kati ya majibu ni ileile.)

Sifuri ni namba ya kuhesabia au sio? Kitabu kimoja kinaanza 0 kingine kinaanza 1.

Hakuna atakayekuamulia, nakuambia ukweli. Shule ya msingi Tanzania tulifundishwa namba za kuhesabu zinaanza 1, na ukiongeza sifuri zinaitwa namba nzima, ikaisha. Ukienda kwenye vitabu vya Wafaransa ile N yao inaanza 0, na kiwango cha kimataifa cha ISO kinachohusu alama za hesabu nacho kinaanza 0. Hata Peano mwenyewe, yule Mtaliano aliyeziandikia hizi namba kanuni zake mwaka 1889, alianza na 1, halafu kwenye kazi zake za baadaye akahamia 0. Sasa kama mwenye mali alibadili mawazo we unagombana na nani?

Cha kufanya ni kimoja, fungua sura ya kwanza ya kitabu unachotumia uone wao wanaanzia wapi, andika kwa penseli ndani ya jalada la mbele, endelea na maisha.

Na 1 ni namba tasa?

Leo hapana. Zamani wapo waliosema ndiyo, mwaka 1914 Mmarekani anaitwa Lehmer alitoa orodha ya namba tasa hadi milioni kumi na ushee na ya kwanza kwenye orodha ni 1. Waliitoa kwa sababu ukiikubali basi 12 haina tena njia moja tu ya kuvunjwa kuwa tasa, maana unaweza kusema 2×2×3, au 1×2×2×3, au 1×1×2×2×3 mpaka asubuhi. Kwenye mtihani anza na 2.

log kwenye kitabu changu na log kwenye kalkuleta havilingani, nimechanganyikiwa kabisa.

Hapa ndo niliumia kuliko sehemu zote, wiki nzima, kwa hiyo nivumilie ntaongea kidogo.

Kwanza kuna suala la kizio, yaani ile namba inayopandishwa kipeo (base kwa Kiingereza). Kwenye vitabu vya sekondari na kile kijitabu cha majedwali, log peke yake ni ya kizio 10, na ile ya kizio e (namba ya karibu 2.718) wanaiandika ln. Kalkuleta nyingi nazo zinafuata hivyohivyo. Ukivuka ukaingia vitabu vya hesabu za chuo, log peke yake mara nyingi ni ile ya e, na mwandishi hajisumbui kukuambia kwa sababu wenzake wote wanajua. Kwenye kompyuta ndo vurugu kabisa, Excel ukiandika LOG(100) inakupa 2, Python ukiandika math.log(100) inakupa 4.605, na zote mbili ziko kwenye laptopu moja. Kwa hiyo ukikutana na kitabu kipya tafuta mfano wowote wenye log ya 10 au ya 100 uliokwisha kufanywa. Ikitoka namba kamili ujue ni kizio 10, ikitoka 2.303 ujue umeingia nchi nyingine.

Pili, na hii ndo iliniua mimi, ni ile mistari ya juu. Kitabu cha shemeji kilikuwa kinasema log ya 0.02 ni 2̄.3010, ile 2 ina kamstari kichwani. Kalkuleta inasema −1.699. Nikasema kitabu kimekosea. Nikafanya nyingine, log ya 0.3, kitabu 1̄.4771, kalkuleta −0.5229. Nikasema basi hiki kitabu chote takataka, nikakiweka chini ya godoro.

Kumbe kamstari kale kanamaanisha hasi ni ya ile 2 tu, sehemu ya desimali inabaki chanya. Yaani 2̄.3010 ni −2 + 0.3010, ambayo ukiitoa ni −1.699 ileile. Walifanya hivyo kwa sababu jedwali lina sehemu za desimali chanya tu, ungetafuta wapi antilog (kinyume cha log) ya −1.699? Ukiacha desimali chanya unasoma moja kwa moja. Jaribu kuzidisha 0.02 kwa 0.3 kwa njia yao, 2̄.3010 + 1̄.4771 inakuwa 3̄.7781, ukitafuta 0.7781 kwenye antilog unapata 6, ile 3̄ inakuambia ipeleke 0.006. Safi kabisa. Niliposoma ule ukurasa wa "jinsi ya kutumia" ambao niliuruka siku ya kwanza kwa kiburi, nikakitoa kitabu chini ya godoro nikakiomba radhi kimoyomoyo.

MAGAZIJUTO, BODMAS, PEMDAS, ipi ni ya kweli?

Zote ni kamba za kukumbukia kipi kianze kwenye mahesabu tu (MAGAZIJUTO ni mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), ila ukizifuata neno kwa neno zinakupeleka shimoni. MAGAZIJUTO na BODMAS zinataja kugawanya kabla ya kuzidisha, ile PEMDAS ya Wamarekani inataja kuzidisha kwanza. Chukua 24 ÷ 6 × 2. Mtu wa MAGAZIJUTO anapata 8. Mmarekani aliyeishika PEMDAS kama msahafu anazidisha 6 × 2 kwanza anapata 2, na hapo yeye ndo kakosea, hata kwao Marekani. Halafu chukua 10 − 4 + 3, hapo sasa ni sisi wa MAGAZIJUTO tunaoumia, maana JU iko kabla ya TO, mtoto anajumlisha 4 + 3 anapata 7, anatoa, anapata 3. Jibu ni 9.

Kanuni yenyewe ni kwamba kuzidisha na kugawanya vina cheo kimoja, kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na vyenye cheo kimoja unavifanya kutoka kushoto kwenda kulia kama unavyosoma. Hicho kipande cha "kushoto kwenda kulia" ndo vitabu vingi vinakisahau, au kinawekwa kwenye sanduku dogo pembeni ambalo mashine ya fotokopi imelikata.

Na yale maswali ya 6 ÷ 2(1+2) yanayozunguka WhatsApp watu wakitukanana kila baada ya miezi mitatu, 1 au 9? Hata kalkuleta zenyewe hazikubaliani, zipo modeli za Casio zinazotoa 1 na zipo za Texas Instruments zinazotoa 9, kwa sababu wapo wanaoona 2(1+2) kama kitu kimoja kilichoshikamana na wapo wanaoona ni kuzidisha kwa kawaida. Mwandishi wa hesabu mwenye akili timamu hawezi kuandika vile, ataweka mabano au ataandika kwa mstari wa sehemu. Usipoteze bando lako hapo.

Nimesoma Kongo/Burundi kwa Kifaransa, sasa nataka kusoma vitabu vya Kiingereza. Nijihadhari na nini?

Karibu sana, na pole. Hata Warwanda waliokuwa shuleni serikali yao ilipoamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza wanalijua hili.

Cha kwanza mkato na nukta. Kwenu 3,5 ni tatu na nusu, huku ni 3.5, na huku mkato unatenganisha maelfu, kwa hiyo 3,500 huku ni elfu tatu mia tano, kwenu inaweza kusomeka tatu na nusu. Wakuu wa vipimo duniani walikaa mwaka 2003 wakaamua kwamba alama zote mbili zinaruhusiwa, yaani waliamua kutokuamua. Na vitabu vya zamani vya Waingereza vinaongeza la kwao, nukta ya desimali wanaiinua katikati, 3·5, halafu nukta ya chini wanaitumia kuzidisha, kwa hiyo 3.5 kwenye baadhi ya hivyo vitabu ni 15! Kitabu cha namna hiyo kikipita mikononi mwa mtu anayechapa upya kwenye kompyuta, Mungu ndo anajua kinachotoka.

Cha pili, vipindi, yaani namba zote zilizo kati ya namba mbili. ]2 ; 5[ yenu ndo (2, 5) ya huku, na bahati mbaya (2, 5) ya huku ni pia nukta kwenye grafu, unatofautisha kwa maneno yanayozunguka. Cha tatu, tg yenu ni tan ya huku, na ile tg mtaikuta pia kwenye vitabu vya Kirusi, kwa hiyo kwa hili nyie mko mbele yetu. Cha nne michaguo, yaani njia ngapi za kuchagua vitu kadhaa kati ya n, kwenu C inabeba n chini na namba ndogo juu, huku wanaandika 5C2 au wanaweka 5 juu ya 2 ndani ya mabano marefu, zote ni 10.

Cha tano ni cha chinichini na kinauma. Kitabu cha Kifaransa kikisema namba ni "positif" sifuri imo ndani, ili kuitoa lazima waongeze "strictement". Kitabu cha Kiingereza kikisema chanya, sifuri haimo. Swali likisema "kwa kila x chanya" unaweza kukosa alama kwa ajili ya sifuri tu.

Video za Wamarekani zinanifundisha vizuri kuliko kitabu, ila maneno yao sio ya kwetu.

Tumia, ila tengeneza kamusi yako. HCF (kigawo kikubwa cha shirika) ya huku wao GCF, indeksi (kipeo) wao wanaita eksiponenti, sadi (namba kama √2) wao wanaita radikali. Hayo madogo. Yanayoua ni maneno yanayofanana ila maana imegeuka. Trapeziamu ya Waingereza, ambayo ndo yetu, ni umbo la pande nne lenye jozi moja ya pande sambamba. Mmarekani umbo hilohilo analiita trapezoidi, na akisema trapeziamu anamaanisha lisilo na sambamba hata moja. Inasemekana kamusi moja ya hesabu ya Hutton ya mwaka 1795 ndo iligeuza maneno, Wamarekani wakaifuata, Waingereza wakaja kurudi walikotoka. Kwa Kiswahili tunasema trapeza tu, tukaepuka ugomvi.

Nyingine ni "standadi fomu". Huku ukiambiwa andika 4500 kwa standadi fomu unaandika 4.5 × 10³. Kwa Mmarekani unaweza kupewa 4.5 × 10³ ukaambiwa iweke standadi fomu, na jibu likawa 4,500. Kinyume kabisa! Na akihamia kwenye mistari ya grafu maneno hayohayo yanakuwa Ax + By = C. Dogo mmoja wa jirani alikaa na hilo siku mbili akidhani simu imeharibika.

Majibu yangu ya duara na ya dunia kama tufe yanapishana na kitabu kwa desimali chache.

Ni π hiyo. Duara la nusu kipenyo 7, ukitumia 22/7 eneo ni 154 kamili, ukitumia 3.14 ni 153.86, kalkuleta inasema 153.94. Hakuna aliyekosea, ila swali likisema tumia 3.14 halafu we ukatumia 22/7, hapo sasa umekosea.

Kwenye tufe ya dunia kuna mchezo mzuri ambao nilichelewa kuuona. Kitabu kimoja kinasema nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6370, kingine 6400. Nikajiuliza kwa nini 6370? Gawanya kwa 7 uone: 910. Mwandishi anajua utatumia 22/7 akakuwekea namba inayogawanyika, mzingo unatoka 40,040 bila taabu. Anayetumia 6400 anategemea 3.14, anapata 40,192. (Ni kweli pia 6370 iko karibu zaidi na dunia yenyewe.) Umbali wa nyuzi 10 kwenye meridiani unakuwa kilomita 1112 kwa mmoja na 1116 kwa mwingine. Kwa hiyo kabla hujaanza mahesabu angalia namba uliyopewa inagawanyika kwa 7 au la, inakunong'oneza π ipi mwandishi alikuwa nayo kichwani. Radiasi (nusu kipenyo) 14, 21, 35, karibu zote ni za 22/7. Radiasi 10 au 20, hapo mara nyingi ni 3.14.

sin 30 inanipa −0.988. Kalkuleta mbovu?

Haijafa, iko kwenye redian, kipimo kingine cha pembe. Angalia juu ya kioo, inatakiwa D ya nyuzi. Ikiwa R unapata hiyo −0.988, ikiwa G unapata 0.454, maana hiyo G ni vipimo vinavyogawa duara mara 400 na sijawahi kukutana na mtu anayevitumia. Mtoto akichezea kalkuleta angalia hapo kwanza.

Standadi devieshen, kugawa kwa n au n−1?

Standadi devieshen inapima namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani, na n ni idadi ya namba. Chukua 3, 5, 6, 8, 8. Wastani 6. Miraba ya tofauti ukijumlisha ni 18. Ukigawa kwa 5 unapata 3.6, kipeuo chake 1.90. Ukigawa kwa 4 unapata 4.5, kipeuo 2.12. Vitabu vingi vya sekondari vinagawa kwa n. Vya chuo na vya utafiti vinagawa kwa n−1 pale data inapokuwa sampuli iliyochotwa kwenye kundi kubwa, kwa sababu wastani wenyewe umeutoa kwenye sampuli hiyohiyo kwa hiyo namba zinaonekana zimekaribiana kuliko uhalisia, na kugawa kwa kidogo kunafidia. Kwenye kalkuleta σ ni ya n na s ni ya n−1, zile za zamani zinaandika σn na σn−1.

Kwataili, zile zinazogawa data mafungu manne, nazo hivyohivyo. 2, 4, 5, 7, 9, 10, 12, mediani (namba ya katikati) ni 7, sasa kwataili ya chini ni 4 au 4.5? Inategemea kama ile 7 unaitoa au unaiacha ukigawa nusu. Fuata kitabu cha mtihani wako.

Nilisoma msingi kwa Kiswahili, sekondari yote Kiingereza. Nikijisomea mwenyewe nianzie lugha gani?

Hili linaniuma, maana watu wengi wanadhani wameshindwa hesabu kumbe wameshindwa maneno. Mtu anajua kutafuta KDS na KKS tangu darasa la tano, akiona LCM na HCF anaanza upya kama hajawahi kuziona. Msambamba, namba shufwa, namba witiri, kipeuo cha pili, hivi vyote unavijua! Hata Kiswahili chenyewe kina mitego yake, kigawo na kigawe zinapishana herufi moja tu na maana ni vitu viwili, 3 ni kigawo cha 12 na 12 ni kigawe cha 3, fotokopi ikififia herufi ya mwisho ushapotea.

Ushauri wangu, elewa kwa Kiswahili, andika kwa lugha ya mtihani. Ukisoma maana ya neno jipya kwa Kiingereza jieleze kwa sauti kwa Kiswahili kama unamwelekeza mama ntilie, ukishindwa kumweleza hujaelewa. Mi nilikuwa namweleza mke wangu anapika, mpaka akajua sadi ni nini na hajawahi kuzihitaji.

Nitajuaje kitabu ndo kimekosea kweli?

Vitabu vinakosea, tena sana, hasa nyuma kwenye majibu. Mara nyingi toleo jipya limebadilisha namba za swali ila majibu yakaachwa ya toleo la zamani. Dalili yake: jibu lako la swali la 7 linakataa, la 8 linakataa, la 9 linakataa, halafu unagundua la kwako la 8 ndo la kwao la 9. Wameruka swali moja. Nyingine jaribu kurudisha jibu la kitabu ndani ya swali lenyewe. Kama mlinganyo unasema 2x + 5 = 17 na nyuma wameandika x = 11, pachika, 27 sio 17, kesi imefungwa. Huhitaji mwalimu kwa hilo, jibu linajishtaki lenyewe, na mi naona hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote kwenye hesabu, historia au siasa haikupi nafasi hiyo.

Na PDF za kudesa ndo mbaya zaidi. Vipeo vinaanguka, 10³ inakuwa 103, alama ya kutoa inapotea, mstari wa sehemu unafutika. Ukiona swali limegoma na kila mtu anapata jibu la ajabu, soma "103" kama 10³ uone.

Ila niwe mkweli, kwenye daftari langu nilikuwa naandika kila mara niliposema "kitabu kimekosea". Nilipokuja kuzipitia, nyingi nilikosea mimi, zilizobaki nyingi ni mambo ya maana za maneno na alama kama haya ya juu, na makosa halisi ya kitabu yalikuwa machache. Kwa hiyo shuku kwa mpangilio huohuo.

Kwa nini wasikae wote wakakubaliana?

Kwa sababu vitabu vilivyo mezani kwako vimekuja kwa meli tofauti. Kuna vya Waingereza vya enzi za ukoloni vya majedwali na hesabu za shilingi na peni. Mwaka 1962 Wamarekani na walimu wa nchi mbalimbali za Afrika walikusanyika Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika hesabu mpya za seti (makundi ya vitu), ndo zile wazee wanaziita Entebbe mathe, na Waingereza nao wakaja na hesabu za kisasa za kwao, kwa hiyo kaka na mdogo wake nyumba moja walikuwa wanafundishwa vitu viwili. Baadaye serikali zikapunguza hizo. Miaka ya tisini Tanzania wachapishaji binafsi wakaruhusiwa, kila mmoja na mwandishi wake, halafu tukarudi kwenye vitabu vya TET. Tabaka juu ya tabaka, na hakuna aliyepita kuondoa vya zamani. Kwa nini avitoe? Kitabu ni mali, shemeji hawezi kukitupa.

Sasa nitumie vitabu vingapi?

Kimoja kiwe mwenyeji. Hicho ndo kinaamua sifuri iko wapi, log ni ipi, umbo linaitwaje. Kama unafanya mtihani mwenyeji ni kile kinachofuata silabasi yako hata kama kimeandikwa kwa kuboa. Vingine ni wageni, unawaita ukikwama, unawasikiliza, ukimaliza unatafsiri walichosema kwa lugha ya mwenyeji ndo unaandika kwenye daftari. Kosa nililofanya miezi sita ya kwanza ni kuruka, sura ya kwanza huku, ya pili kule, matokeo yake nikawa na alama tatu za kitu kimoja kwenye ukurasa mmoja, mwenyewe nikirudi baada ya wiki sielewi nilichoandika.

Kwenye mtihani nikitumia alama za kitabu kingine wananikata?

Ukieleza huwa salama zaidi. Andika mstari mmoja juu, "log hapa ni ya kizio 10", haikugharimu kitu. Onyesha hatua, maana hata jibu la mwisho likipishana msahihishaji ana cha kukupa. Na soma maelekezo ya ukurasa wa kwanza, mwaka niliofanya mimi Basic Mathematics kalkuleta ilikuwa marufuku, majedwali ruksa, na kuna jamaa pembeni yangu alikuwa amejifunza mwaka mzima kwa simu, alilishika lile jedwali kama mtu aliyepewa ramani ya mji asioujua.

Kitabu kinasema "ni wazi kwamba" na mi sioni uwazi wowote.

Wala mimi. Mara nyingi hapo kuna mistari mitatu mpaka minne ya aljebra ambayo mwandishi alichoka kuiandika. Anza na mstari wa juu, anza na wa chini, wakutane katikati. Ukikwama dakika arobaini, ruka, weka alama, rudi kesho asubuhi.

Bila mwalimu kabisa inawezekana?

Kusoma inawezekana. Kusahihishwa ndo shida, maana kosa lako mwenyewe hulioni, unalipita kama unavyopita shimo la mtaani kwenu kila siku. Mi nilikuwa na mzee mmoja mstaafu, nilimpelekea daftari Jumamosi moja moja tu, hakunifundisha kitu, alikuwa anazungushia duara kwa kalamu nyekundu na kusema "hapa", basi. Shikamoo yako, sukari kilo moja, unamaliza. Zile programu za simu unazopiga picha swali nazo zinasaidia kwa kiasi, ila zina alama zao na log zao kama kitabu kingine chochote, zihesabu kwenye wageni.

Kile kitabu cha Kirusi unacho bado? Unauza?

Ninacho, siuzi. Bado nimekwama sura ya nne.